Nitazame Nikitema

Watu wa Nachingwea waliomjua watakuambia alikuwa mkaidi, nami sitabishana nao. Alikuwa mkaidi kweli, mkaidi wa kutisha. Lakini wakisema alikuwa na kiburi, hapo nitasimama, na kama nimevaa koti nitalivua, maana nilifanya naye kazi bega kwa bega pale bwawani kwa miaka kadhaa na najua ninachokisema. Alikuwa na jicho moja tu zima. Alichofanya, alikifanya kwa ajili ya jicho hilo, na anayeona ni kiburi basi na alifumbe lake wiki moja kisha aje tuzungumze.

Alizaliwa mwaka gani, katika ukoo gani, sikumwuliza naye hakusema. Nilichojua ni kwamba alitoka upande wa Ruangwa, kwamba alisema Kimwera nyumbani na Kiswahili kazini, na kwamba akikasirika Kiswahili kilimwishia katikati ya maneno, akamalizia Kimwera, nawe ukabaki kukisia umetukanwa kiasi gani. Sote tulimwita Mzamiaji. Mimi nilimwamkia "Mjomba" kwa heshima tu, hatukuwa ndugu, naye aliniita "mpwa" pale aliponitaka jambo.

Mimi nilikuwa mtu wa pampu. Kazi yangu ilikuwa juu, pakavu, ndani ya kibanda cha bati chenye injini inayonguruma kutwa. Kazi yake ilikuwa chini. Bwawa lile lilichimbwa wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza, nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Naipingo, na bomba lake kubwa lilivuta maji kutoka chini kabisa, kina cha watu wawili na nusu. Mdomo wa bomba ulikuwa na wavu wa chuma. Wavu ule uliziba kwa magugu, kwa majani, kwa matope, na mara moja uliziba kwa kobe mzima ambaye hakutaka kutoka. Ukiziba, injini yangu inakohoa na mji unakosa maji. Ndipo anaitwa yeye, anazama na kisu, anakata, anakwangua, anapanda kuvuta pumzi, anarudi tena. Kila akikwangua, kutu na vijiti vinamrukia usoni. Dresa wa zahanati alikuwa amemwambia bila kuzunguka: uchafu ukiingia na jicho hili, habari yako imekwisha.

Basi ndiyo maana ya miwani.

Ilikuwa miwani ya vumbi, ile waliyovaa madereva wa matrekta yaliyong'oa pori. Vioo viwili vya duara, kila kimoja ndani ya kikombe cha bati, matundu madogo ubavuni ya kupitishia hewa, na ukanda wa mpira kwa nyuma. Haikutengenezwa kwa ajili ya maji hata kidogo. Aliigeuza mwenyewe. Matundu aliyaziba kwa nta ya nyuki aliyoiagiza Kilimarondo, maana nta ya dukani hakuiamini. Kwenye ukingo unaogusa uso alizungushia mpira mwororo wa tyubu ya baiskeli, ameukata kwa kufuata mfupa wa shavu lake, akaujaribu, akaukata tena, akaujaribu tena, mwezi mzima. Mimi niliwahi kuivaa kwa utundu. Ilinifinya pua na maji yakaingia papo hapo. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Uso wako haujakatiwa hii," akaniambia. "Nenda kakate ya kwako."

Jicho la kushoto lilikufa wakati wa kufyeka. Hakuwa dereva. Alikuwa miongoni mwa waliotembea nyuma ya trekta wakiokota mizizi na visiki, siku nzima ndani ya vumbi jekundu. Madereva walikuwa na miwani. Waliotembea nyuma hawakuwa nayo, ingawa vumbi lote lilikuwa lao. Akaenda kuomba. Nyapara mmoja akamwambia miwani ni ya dereva. Akaenda mara ya pili, akajibiwa vile vile. Kabla hajaenda mara ya tatu, kipande cha mzizi kiliruka kikamwingia jichoni, na vumbi likamalizia kilichobaki. Halafu mradi ukavunjika, kila mtu anajua, na watu wakaondoka na walichoweza kubeba: bati, mapipa, nyaya, milango. Yeye aliingia kwenye stoo iliyoachwa wazi, akayapita mapipa, akaipita misumari, akachukua miwani moja ya vumbi. Hiyo tu. Nilipomwuliza kwa nini hakuchukua walau bati mbili, naye nyumba yake inavuja, akanitazama kama nimesema upuuzi.

"Bati sikunyimwa," akasema.

Na nyumba ilivuja kweli. Mtu aliyeweza kuzuia tone lisipenye kwenye miwani kina cha watu wawili na nusu, masika alilala na sufuria tatu kuzunguka kitanda. Mkewe, mama mmoja mcheshi sana, alipenda kusema mbele yake, "Mimi ningekuwa kioo ningeshapata paa." Yeye anakuna kidevu tu. Tena mvua ilimkera ajabu. Likidondoka tone moja alikimbilia kibandani kwangu mbio, mtu ambaye nusu saa kabla alikuwa ndani ya bwawa. Vumbi alilichukia kuliko shetani, lakini kopo la ugoro halikumtoka mfukoni. Nikamwambia siku moja, "Mjomba, ugoro nao si vumbi?"

"Hilo nimelikaribisha mimi," akasema, akapiga chafya tatu kwa raha zake.

Kuitunza miwani ile kulikuwa na sheria nyingi kuliko ndoa. Siku ya kuzama hakujipaka mafuta ya ufuta usoni, hata iwe sikukuu, maana mafuta yanaulegeza mpira na yanachafua kioo. Idi moja wavu uliziba asubuhi, akaitwa kutoka kwenye pilau, uso unang'aa mafuta. Alikaa ukingoni akijisugua kwa majivu na maji robo saa nzima huku msimamizi anapiga kelele, na hakuingia mpaka uso ukawa mkavu kama ubao. Ndani ya vioo hakuingiza kitambaa kamwe, na kidole alikiosha kwanza. Kabla ya kuivaa alinawa uso kwa maji ya bwawa mara nyingi mpaka upoe, kwa kuwa uso wa moto hutoa mvuke, na mvuke ukikutana na kioo baridi huoni hata kisu chako. Halafu akatema mate. Tone moja kila kioo, akasugua kwa kidole taratibu, akasuuza mara moja tu, akavaa hapo hapo kabla hakijakauka. Nilizama kwa udadisi siku nyingine na miwani yake, nimeibana usoni kwa viganja isivuje, bila kuipaka mate, nikaona ukungu mtupu. Nikaipaka, nikaona mpaka mishipa ya majani.

Na kuivaa kwenyewe kulikuwa na utaratibu. Kwanza anaibana machoni kwa viganja mpaka ishike, ukanda baadaye, tena umelegea.

"Watu wanadhani ukanda ndio unazuia maji," alinifundisha. "Ukanda unashika miwani isipotee, basi. Kinachozuia maji ni mpira ukae mahali pake. Ukikaza sana mpira unajikunja, maji yanaingia, unakaza tena, yanaingia zaidi, kichwa kinakuuma, na bado unakaza. Mjinga huyo."

Hakuipandisha kwenye paji la uso hata dakika moja. Paji la uso ni jiko, alisema, lina jasho na joto. Akitoka aliisuuza kwa maji safi ya kibuyu, akaianika kivulini, kamwe si juani, kwa sababu jua linaupasua mpira. Jioni akaupaka mpira unga wa muhogo usigandane, akailaza ndani ya kikapu kidogo cha ukindu chenye kifuniko. Mkewe alilalamika juu ya unga ule kila siku ya Mungu.

Kitu kimoja kilinishangaza muda mrefu. Alisafisha vioo vyote viwili sawasawa, mate sawa, subira sawa. Nikamwuliza, "Hicho cha kushoto cha nini, Mjomba? Upande huo huoni kitu."

"Kwani kosa lake nini?" akajibu. "Nalo lina haki ya kioo safi. Lilikuwa la kwanza kuomba."



Ramadhani ilileta maneno. Mwalimu wa chuo cha Kurani pale mtaani, mtu mwema lakini mpenda mjadala, alimsimamisha njiani akamwambia kuzama mchana ni kuihatarisha saumu. Na yale mate je? akauliza. Mzamiaji akamwuliza, "Mate nikiyameza nafungua?" Hapana, akasema mwalimu. "Nikiyatema nafungua?" Hapana. "Nikiyatia kwenye kioo?" Mwalimu akakuna ndevu, akasema kitabu hakijataja kioo. "Basi mpaka kitaje, mimi nazama. Nikimeza maji ya bwawa, siku hiyo nitailipa." Na mara mbili alimeza, na mara mbili aliilipa siku yake baada ya Idi, hakuna aliyemkumbusha.

Sasa nije kwenye lile la kibao.

Mradi ulipokwisha, maji ya mji yalibaki chini ya ofisi ndogo, na msimamizi wake alikuwa Mzungu mmoja ambaye tulimwita Bwana Bomba. Alikuwa mgeni, ana miezi minne hivi, amebabuka na jua. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda usafi mpaka ukamtia upofu, na hilo nalisema makusudi. Siku moja alikuja na kibao cheupe chenye herufi nyekundu, akakipigilia mwenyewe ukingoni mwa bwawa: MARUFUKU KUTEMA MATE. Maji ya kunywa haya, akasema, mate yana maradhi. Mimi nilijua papo hapo kwamba tumeingia matatani. Kwa wengine sijui, lakini kwetu sisi bibi zetu walitubariki kwa mate, na kwa Mzamiaji mate ndiyo yalikuwa nusu ya kazi.

Haikupita wiki. Bwana Bomba alishuka asubuhi bila kutarajiwa, akamkuta Mzamiaji amechuchumaa chini ya kile kibao, anatema kwenye kioo cha pili.

"Wewe! Hujui kusoma?"

"Najua," akasema Mzamiaji. Uongo mtupu. Alijua herufi za chuoni, hizo nyingine hakuzijua hata moja.

"Kimeandikwa nini?"

Akakitazama kile kibao kwa makini, kichwa upande, kama msomaji kweli. "Kimeandikwa kwamba wewe hujawahi kuzama."

Mtume! Niliuma midomo mpaka ikataka kutoka damu. Bwana Bomba akawa mwekundu zaidi ya herufi zake. Mzamiaji hakunyamaza. "Bwana, mimi mzima naingia humu. Na miguu yangu, na makwapa yangu, na kila alichoniumba nacho Mungu. Maji hayo mnakunywa, na hamjafa. Leo tone la mate ndilo litaua mji?"

Penye kukosa jibu mkubwa hutafuta amri. Bwana Bomba aliinyakua miwani, akaigeuza, akaonyesha namba iliyogongwa kwenye bati. "Hii ni mali ya mradi. Ina namba. Umeipata wapi? Kuanzia leo utazama bila miwani. Njia unaijua, huhitaji kuona."

Nilimwona Mzamiaji akishika ukingo wa jicho lake zima, taratibu, kama mtu anayehakikisha kwamba bado lipo. Halafu Kiswahili kikamwishia. Alisema maneno ya Kimwera mengi, na mwisho akarudi kwenye Kiswahili kwa neno moja.

"Sizami."

"Basi kesho usije!"

"Kesho nitakuja. Nitakaa hapa."

Na akaja. Alikuja alfajiri, akakaa chini, akaegemea nguzo ya kile kibao, miguu ameinyosha kuelekea majini, kopo la ugoro pembeni. Hakugusa kitu. Mchana injini yangu ilianza kukohoa, jioni ikanyamaza. Bwana Bomba alimtafuta mzamiaji mwingine mji mzima. Vijana wawili walikuja, wakavua nguo, wakachungulia lile giza la chini, wakavaa nguo zao.

Siku ya pili wakaja akina mama na madebe matupu. Hawakwenda ofisini, walikuja kwake, kwa sababu ofisini kuna mlango na yeye alikuwa amekaa wazi. Mmoja, sauti kubwa, akamwambia, "Jicho lako ni moja. Watoto wetu wangapi?"

Hakuinuka. "Karibu mama, zama. Au kamlete mumeo. Yeye anayo mawili, moja likienda atabaki na jingine. Mimi likienda hili, nani kati yenu atakuja kunichotea maji?"

 Mkewe alikuwa amefika na bakuli la muhogo, amesikia yote. Nilidhani atamsihi alegeze kamba. Alimwekea bakuli, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti, makusudi ili sote tusikie: "Ukizama bila miwani, usirudi kwangu kuniambia nikushike mkono. Sitakushika." Kisha akawageukia wale mama. "Mnaosema, semeni na aliyeichukua. Anaishi kwenye nyumba ile yenye ua mwekundu." Wakaondoka na madebe yao, na kweli baadhi yao walielekea huko.

Mimi sikumtetea hivyo. Nitalisema maana nimezeeka na hakuna wa kunicheka. Mimi niliogopa kazi yangu. Jioni ile nilikaa kando yake nikamwambia, "Mjomba, mara moja tu. Fumba macho, papasa kwa mikono, toa yale magugu, mambo yapoe, halafu tutaomba miwani taratibu."

Aliniangalia kwa lile jicho moja. "Na wewe?" akasema.

 Mpaka leo nikikumbuka maneno yale mawili uso unanichoma. Ningependa angenitukana Kimwera usiku kucha kuliko kunitazama vile.

Siku ya tatu hospitali ilipeleka ujumbe kwamba mapipa yao yamekauka, na Bwana Bomba akaamua atazama mwenyewe. Sikosi kumsifu kwa hilo, wengine wangeandika barua tu. Alikuja na miwani yake ya kuogelea, ya mpira wa buluu, imetoka kwao ndani ya kikasha. Nzuri, loo! Tulikusanyika watu kama thelathini. Akaanza kwa kuvisugua vioo kwa leso yenye sabuni. Kisha akavuta ukanda mpaka mashavu yakatokeza. Kisha akaipandisha kwenye paji la uso, akasimama juani anatueleza jinsi kazi hii ilivyo ndogo, jasho linamtiririka.

Mzamiaji, hapo hapo chini ya kibao, akanong'ona, "Hajaacha hata kosa moja."

Bwana Bomba akazama. Akaibuka upesi, vioo vyeupe ukungu, anapapasa hewa. Akaifuta kwa vidole, akazama tena. Mara ya pili maji yaliingia, yakachanganyika na ile sabuni, akaibuka anapiga kelele amefumba macho. Mara ya tatu alikawia. Nilianza kuhesabu moyoni, nikakamata kamba. Alipotokea alikuwa na magugu shingoni na hakujua ukingo uko wapi, anaogelea kuelekea katikati. Nikamtupia kamba, tukamvuta. Alikaa kwenye matope, macho mekundu kama yametiwa pilipili, anatokwa na machozi wala hajui. Hakuna aliyecheka. Nilimtazama Mzamiaji nikidhani angalau yeye atacheka. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Yanauma, sivyo?" akamwuliza, kwa upole kabisa.

"Sana," akasema Bwana Bomba.

"Mimi ninalo moja."

 Bwana Bomba akainuka, akaenda kwenye gari, akarudi na ile miwani ya vumbi. Akampa mkononi. Namba ya mradi hakuitaja. Halafu akafanya jambo ambalo yeye aliliona la busara: akageuka akatupa mgongo, akatazama kilima, mikono nyuma.

"Haya," akasema. "Tema. Mimi sioni."

Watu wakashusha pumzi. Mimi nilishusha pumzi. Mambo yamekwisha, nikasema. Lakini Mzamiaji alisimama pale na miwani mkononi, hakutema.

"Geuka, Bwana."

"Nimesema sioni. Tema!"

"Mimi sikuiba kitu. Hii nilikwisha kuilipia, na bei yake unaijua, unaiona usoni kwangu. Sitemi nyuma ya mgongo wa mtu kama mwizi, halafu kesho ugeuke uniambie kibao kinasema nini. Geuka. Nitazame nikitema."

Wee! Nilitamani ardhi ipasuke.  Nilijua kwamba Mzungu akisema hapana sasa, basi Mzamiaji anakwenda zake Ruangwa, na atakuwa hana kazi, lakini jicho litakuwa salama, na alikuwa tayari. Ilionekana kwamba yuko tayari.

Bwana Bomba akageuka.

Akamtazama. Na Mzamiaji akaosha kidole. Akanawa uso, mara moja, mbili, saba, hakuna aliyethubutu kumharakisha. Akatema kwenye kioo cha kulia, akasugua. Akatema kwenye kioo cha kushoto, akasugua vile vile. Sijapata kumwona akichukua muda mrefu namna ile. Akasuuza, akabana kwa viganja, akaweka ukanda, akaingia. Alizama mara nane. Alipoibuka mara ya mwisho alinyosha mkono juu, nikakimbilia kibandani nikaipiga injini, na ikakohoa, ikakohoa, ikashika.

Wiki iliyofuata Bwana Bomba alikuja jioni, peke yake, na kikasha chake cha buluu. Akauliza alikosea wapi. Mzamiaji, ambaye angeweza kumzungusha mwezi mzima, alimkalisha chini akamwonyesha kila kitu, mpaka unga wa muhogo. Kile kibao kilitoweka wiki hiyo hiyo. Nani alikiondoa, ninajua, lakini sisemi.

Nilihama Nachingwea muda si mrefu baadaye, kazi nyingine, mji mwingine. Nilirudi huku kusini miaka kadhaa ilipopita, tayari watu wanazungumza uhuru waziwazi, na nilipofika bwawani nikaambiwa bomba limewekwa chujio jipya, hakuna anayezama tena, na Mzamiaji amerudi kwao. Nikapanda lori la ufuta mpaka Ruangwa kumtafuta.

Nilimkuta barazani kwa dada yake mdogo, amekaa kwenye mkeka, anapepeta choroko kwa ungo. Alikuwa amekonda. Nilisimama mbele yake, jua nyuma yangu, kivuli changu kimemwangukia usoni, naye hakuinua kichwa. Ndipo nikaliona jicho lake. Mtoto wa jicho alikuwa amelifunika lote, jeupe kama maziwa.

"Shikamoo, Mjomba," nikasema.

"Marahaba." Mikono ikasimama. "Huyo ni mtu wa pampu."

Nikakaa. Nikaanza kulia, mtu mzima mwenye mvi. Nilimwambia yote: kwamba niliogopa, kwamba nilimwambia afumbe macho, kwamba huenda ni yale maji, miaka yote ile, huenda ni yale maji ya bwawa.

"Maji gani?" akafoka. "Dresa amesema ni uzee. Uzee! Bibi yangu alipata hili, mama yangu akalipata. Nyamaza basi, watu watadhani nimekufa." Akaweka ungo pembeni. "Sikiliza, mpwa. La kushoto nilinyang'anywa. Hili nimelitumia mimi mwenyewe mpaka likaisha. Unaelewa tofauti? Wewe unanililia kana kwamba haya mawili ni kitu kimoja."

Nikajifuta uso kwa kiganja. Nikamwambia naelewa.

"Huelewi, ungeelewa ungeshauliza." Akanipapasa goti, akalishika. "Toka siku ile ya kibao mpaka lilipozimika, miaka minane. Niulize nimeona nini."

Nikamwuliza. Akaanza kunisimulia, na adhana ya alasiri ilitukuta pale pale, bado hajafika nusu.